Kutuma Nakala Rudufu za Nyongeza kwenye Seva ya Mbali bila Kupoteza Bando wala Muda

Ofisi nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zinazotunza kazi zao kwenye kompyuta, iwe ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, shule ya sekondari au studio ya picha pale Mwanjelwa, zina shida moja inayofanana: kasi ya kupakua inaridhisha, lakini kasi ya kupakia ni ndogo, na nakala rudufu hutegemea hiyo iliyo ndogo. Mwongozo huu unamlenga mtu anayetunza kompyuta za ofisi ya namna hiyo, ambaye tayari ana seva ya Linux mahali pengine, Dar es Salaam au ng'ambo, anaifikia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), na kila usiku hutuma mabadiliko ya siku kwa rsync, programu inayolinganisha faili za pande mbili na kutuma tofauti. Kazi inafanyika, ila inakula bando, au haijakamilika wafanyakazi wanaporudi asubuhi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kasoro haiko kwenye mtandao. Iko kwenye faili zinazobadilika pasipo sababu kabla hata hazijatumwa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Pima kabla ya kurekebisha

Ongeza chaguo la --stats kwenye amri yako ya kila usiku na uhifadhi matokeo kwenye faili la kumbukumbu. Miongoni mwa mistari inayotolewa, miwili ndiyo yenye habari kubwa. "Literal data" ni kiasi cha data ambacho ilibidi kitumwe kizima kwa sababu seva haikuwa nacho. "Matched data" ni kiasi ambacho seva ilikichukua kutoka kwenye toleo lake la zamani la faili zilezile. Ikiwa ofisi yako imeandika barua kumi na kuingiza malipo ya siku moja, kisha ukaona "Literal data" ya gigabaiti tatu, basi kuna kitu kinatumwa bure, na kazi yako ni kukitafuta.

Njia ya kukitafuta ni kuendesha amri ileile kwa majaribio, bila kutuma chochote, ukiongeza -n na -i. Kila faili linalosubiri kutumwa litatokea likiwa na herufi mbele yake. Faili lenye alama za kujumlisha mfululizo, <f+++++++++, ni jipya kabisa machoni pa seva. Lenye <f.st...... limebadilika ukubwa na saa ya mwisho ya kuandikwa. Lenye <f..t...... limebadilika saa peke yake huku ukubwa ukibaki uleule, na hilo linastahili kutiliwa shaka, kwa kuwa huenda kuna programu inayogusa faili bila kubadilisha yaliyomo. Soma orodha hiyo taratibu, tena zaidi ya siku moja, kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Jinsi rsync inavyoamua

Programu hii iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras nchini Australia, ikatangazwa mwaka 1996, na busara yake ina ngazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ngazi ya kwanza ni ya haraka: rsync hulinganisha ukubwa wa faili na saa ya mwisho ya kuandikwa, na vikilingana pande zote mbili, faili hurukwa bila kusomwa. Kwa sababu hiyo chaguo la -a, ambalo ndani yake kuna -t la kuhifadhi saa, ni la lazima. Asiyehifadhi saa hulazimisha kila faili lichunguzwe upya kila usiku.

Ngazi ya pili huanza pale faili linapoonekana kuwa limebadilika. Seva hugawa toleo lake la zamani katika vipande vya ukubwa sawa, hukokotoa alama mbili kwa kila kipande, moja nyepesi na nyingine imara, kisha hutuma alama hizo kwa kompyuta ya ofisi. Kompyuta ya ofisi hulipitia toleo jipya baiti kwa baiti ikitafuta mahali popote ambapo alama zinalingana, na hutuma yale tu ambayo seva haina. Hivyo faili la gigabaiti moja lililoongezewa kurasa chache linaweza kusafiri kwa kilobaiti chache. Gharama yake ni kwamba faili zima husomwa kwenye diski za pande zote mbili. Kwa mtu ambaye kikwazo chake ni mtandao, hiyo ni biashara nzuri.

Akiba hii hupotea yote ukiunganisha folda ya seva kwenye kompyuta yako kwa sshfs, kisha ukaiambia rsync inakili kutoka folda moja kwenda nyingine. Hapo rsync huona folda zote mbili kama za kompyuta ileile, hivyo hunakili faili zilizobadilika zikiwa nzima. Ukilazimisha isifanye hivyo, italazimika kulisoma toleo la zamani kupitia mtandao uleule uliotaka kuuokoa. Rsync inapaswa kuwepo na kuendeshwa pande zote mbili, ikizungumza kupitia SSH. Vilevile, achana na --checksum kwa kazi ya kila usiku, maana inaifuta ngazi ya kwanza na kusoma diski nzima. Itumie mara moja moja unapotaka kuhakiki.

Faili zinazobadilika pasipo sababu

Mkosaji mkubwa katika ofisi nyingi ni nakala ya hifadhidata. Utaratibu uliozoeleka ni kutoa yaliyomo kwa mysqldump, kuyabana kwa gzip, kisha kulipa faili jina lenye tarehe ya siku. Kila hatua katika hizo mbili za mwisho inaharibu kazi. Faili lililobanwa kwa njia ya kawaida lina tabia hii: badiliko la rekodi moja karibu na mwanzo hubadilisha karibu kila baiti inayofuata, hata kama asilimia kubwa ya rekodi ni zilezile za jana, na rsync haipati kipande kinacholingana. Jina lenye tarehe nalo huifanya rsync ione faili jipya kabisa kila usiku, na faili jipya hutumwa zima.

Dawa ni kuacha faili bila kubanwa, kulipa jina lisilobadilika, na kuiachia seva kazi ya kutunza historia kwa njia nitakayoieleza hapa chini. Kwa MySQL au MariaDB, ninapendekeza amri ya namna hii:

mysqldump --single-transaction --skip-dump-date ofisi > /srv/ofisi/hifadhidata/ofisi.sql

Chaguo la kwanza hutoa picha moja isiyogongana ya majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL) bila kuwazuia watu kuendelea na kazi; la pili huondoa tarehe ambayo vinginevyo huandikwa mwishoni mwa faili, ili hifadhidata isiyobadilika itoe faili lenye yaliyomo yaleyale. Ikiwa diski ya ofisi ni ndogo na ni lazima ubane, tumia gzip --rsyncable au zstd --rsyncable, ambazo hubana kwa namna inayoziacha sehemu zisizobadilika zibaki zilivyo. Faili litakuwa kubwa kidogo kuliko la kawaida, na tofauti hiyo haina uzito.

Kosa la pili ni la kibinadamu na halina ubaya wowote ndani yake: mtu anapanga upya folda. Karani anabadilisha "Picha za mashamba" kuwa "Picha za mashamba Mbozi", na usiku ule gigabaiti arobaini zinaanza safari upya, kwa kuwa rsync hutambua faili kwa njia na jina lake. Chaguo la --fuzzy husaidia kidogo faili linapobadilishwa jina ndani ya folda ileile, lakini haliwezi kufuatilia folda nzima iliyohama. Lililo rahisi ni kukubaliana na wenzako kwamba folda kubwa zikibadilishwa majina, mtunza kompyuta ataarifiwa, naye atabadilisha jina hilohilo kwenye seva kabla ya usiku kuingia.

Kisha kuna vitu ambavyo havikustahili kutumwa hata mara moja: akiba za vivinjari, faili za muda zinazoanza na ~$ wakati hati ya Word iko wazi, pipa la taka, na diski za kompyuta pepe za majaribio. Ziandike kwenye faili moja na ulitaje kwa --exclude-from. Kuwa mwangalifu hapa. Orodha ya vilivyoachwa inapaswa kusomwa na mtu wa pili anayeijua kazi ya ofisi, kwa sababu folda yenye jina la "muda" huenda ndiyo anayotumia mhasibu kuhifadhi stakabadhi za mwezi mzima.

Kubana wakati wa kutuma, yaani chaguo la -z, kunasaidia sana kwa faili la hifadhidata tulilokataa kulibana na kwa maandishi ya kawaida. Kwa picha za JPEG, video na hati zilizopigwa skana hakuongezi kitu, kwani zimekwisha kubanwa. Gawa kazi mara mbili: hati na hifadhidata kwa -z, picha bila -z. Mgawanyo huohuo unakupa nafasi ya kupunguza kazi ya kukagua folda. Picha za misimu iliyopita hazibadiliki. Hakuna haja ya kupitia majina laki mbili kila usiku kutafuta badiliko lisilokuwepo. Zikaguliwe mara moja kwa wiki, Jumamosi usiku, na kazi ya kila siku ishughulikie mwaka wa sasa.

Kutunza historia bila kujaza seva

Nakala moja inayoandikwa juu ya nyingine kila usiku haitoshi, kwa sababu faili lililoharibiwa Jumatatu litaifuta nakala yake nzuri usiku uleule. Chaguo la --link-dest hutatua hili. Kila usiku seva hupata folda mpya yenye tarehe. Faili ambazo hazijabadilika hazinakiliwi, bali hupewa jina la pili linaloelekea kwenye data ileile iliyokwisha kuwepo diskini. Kila folda huonekana kamili, na inayoongezeka ni nafasi ya faili zilizobadilika tu, pamoja na kiasi kidogo cha folda zenyewe.

rsync -a --partial-dir=.vipande --timeout=300 --link-dest=../karibuni /srv/ofisi/ nakala@seva:/hifadhi/$(date +%F)/

Mkwaju (/) ulio mwishoni mwa /srv/ofisi/ una maana: unaagiza yaliyomo ndani ya folda yatumwe, wala si folda yenyewe. "Karibuni" ni kiungo kinachoelekea kwenye folda ya mwisho iliyokamilika, na ni lazima kibadilishwe pale tu rsync inapomaliza salama, yaani inaporudisha namba 0. Namba 24 humaanisha kwamba baadhi ya faili zilitoweka wakati kazi ikiendelea, jambo la kawaida katika ofisi inayofanya kazi. Namba 23 humaanisha kuna faili zilizoshindikana, na hiyo usiipuuze.

Njia hii ina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba kiungo hutengenezwa tu ikiwa sifa zote zinazohifadhiwa zinalingana, pamoja na mwenye faili na ruhusa zake. Mtu akiendesha chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, kwenye folda nzima, seva itaandika nakala mpya ya kila faili, na diski itajaa ingawa mtandao haukubeba mengi. Wa pili ni faili kubwa zinazobadilika kidogo kila siku. Hifadhidata ya gigabaiti kumi itatuma megabaiti chache, lakini kwenye seva kila usiku litaandikwa faili jipya la gigabaiti kumi.

Umeme na mtandao unaokatika

Kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua na radi, ofisi nyingi za nyanda za juu huzima swichi kuu jioni, na wengine huchomoa vifaa vyote ukutani. Hawakosei, lakini kazi iliyopangwa kwa cron saa tano usiku haitafanyika kwenye kompyuta iliyozimwa, na cron hairudii kazi iliyopita. Tumia anacron, au kipima saa cha systemd chenye Persistent=true, ambacho huanzisha kazi iliyokosa zamu yake mara kompyuta inapowashwa. Kwa kuwa hapo itaanza asubuhi watu wakiwa kazini, iwekee ukomo wa kasi: --bwlimit=100 ni kilobaiti 100 hivi kwa sekunde, sawa na takribani megabiti 0.8, kiasi kinachowaachia wenzako nafasi ya kufanya kazi.

Chaguo la --partial-dir lililomo kwenye amri ya juu huhifadhi kipande cha faili kilichokwisha kufika, ili kazi inayofuata iendelee kutoka hapo, mradi tu iendelee kwenye folda ileile ya siku. Hivyo amri inayorudia baada ya kukatika isitengeneze folda mpya. Upande wa SSH, weka ServerAliveInterval 30 na ServerAliveCountMax 4, ili muunganisho uliokufa utambuliwe ndani ya dakika mbili badala ya kuning'inia hadi alfajiri. Na uifunge kazi nzima kwa flock, isije ikaanza ya pili kabla ya ya kwanza kumaliza; kazi mbili zikigombea njia moja nyembamba, zote huchelewa.

Nakala ya kwanza

Fanya hesabu kabla ya kuanza. Gigabaiti 200 ni megabiti 1,600,000. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni sekunde 800,000, yaani zaidi ya siku 9 bila kukatika hata mara moja. Ikiwa seva iko Dar es Salaam na unaweza kuifikia au kumtuma mtu unayemwamini, nakili data kwenye diski iliyosimbwa kwa LUKS, yaani isiyosomeka bila nenosiri, na uisafirishe kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, na bado itafika mapema kuliko mtandao. Diski ile nayo iandikwe kwa rsync -a, ili saa za faili zibaki zilivyo na usiku wa kwanza wa mtandaoni upate kuziruka. Seva ikiwa ng'ambo, anza na folda ambazo ofisi haiwezi kuishi bila hizo, kisha ongeza nyingine moja moja kila zilizotangulia zinapokamilika.

Pale rsync isipotosha

Ikiwa una faili kubwa zinazobadilika kidogo, folda zinazohamahama, au kompyuta kadhaa zenye faili zilezile, hamia programu ya nakala rudufu ya BorgBackup (Borg kwa kifupi) au restic. Zote mbili hukata faili katika vipande kwa kufuata yaliyomo, hukipa kila kipande alama yake, na kipande ambacho ghala, yaani mahali vinapohifadhiwa kwenye seva, tayari linacho hakitumwi tena, hata kama sasa kiko ndani ya faili lenye jina jingine kwenye kompyuta nyingine. Folda iliyobadilishwa jina inagharimu karibu sifuri. Zaidi ya hayo, data inaweza kusimbwa kabla ya kutoka ofisini, jambo la kuzingatiwa na kila anayetunza majina, namba za simu na malipo ya wanachama au wanafunzi, hasa tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Onyo lile la awali linazidi kuwa na nguvu hapa: usizipe faili zilizokwisha kubanwa au kusimbwa na programu nyingine, kwani hazitapata vipande vinavyojirudia.

Kwa mtu mwenye seva yake na mtandao dhaifu, mimi huchagua Borg. Sababu ni moja, nayo ni usafishaji. Restic inapofuta nakala za zamani na kupanga upya ghala, kazi hiyo hufanywa na kompyuta ya ofisi, ambayo hulazimika kupakua vipande vinavyobaki na kuvipakia tena. Borg ikiwa imewekwa pande zote mbili, seva yenyewe hufanya kazi nzito unapoendesha borg prune na kisha borg compact, inayohitajika kuanzia toleo la 1.2. Ukaguzi nao ni hivyohivyo: borg check --repository-only hufanyika kwenye seva, ilhali --verify-data huleta data yote ofisini ili kuihakiki. Restic ina sifa yake, kwani inatosheka na SFTP tupu (njia ya kuhamisha faili kupitia SSH), na kwa aliyekodi nafasi ya kuhifadhi isiyoruhusu kusakinisha programu, ndiyo njia iliyopo.

Ukitumia Borg, zingatia jinsi inavyokumbuka faili. Ili isisome diski nzima kila usiku, huhifadhi ukubwa, saa ya badiliko na namba ya ndani ya kila faili. Kwenye folda zilizounganishwa kupitia mtandao wa ofisi, namba hiyo ya ndani huweza kubadilika kila zinapounganishwa upya, na Borg ikadhani kila kitu ni kipya. Haitatuma upya, lakini itasoma na kukata vipande vyote tena, kazi ya saa nyingi kwa kompyuta ya zamani. Chaguo la --files-cache=ctime,size huondoa usumbufu huo.

Ufunguo wa ghala utoe kwa borg key export, uuchapishe kwenye karatasi pamoja na nenosiri, na uutunze nje ya jengo la ofisi. Bila hivyo viwili, ghala lililosimbwa halifunguki kwa mtu yeyote.

Kurejesha nako kuna hesabu yake. Kila mwezi rudisha folda moja, si ileile kila mara, na uifungue mbele ya mwenye kazi: mhasibu afungue vitabu vyake, mwalimu wa taaluma afungue matokeo yake, na faili la hifadhidata liingizwe kwenye hifadhidata ya majaribio hadi mwisho bila kosa. Andika muda uliotumika, kisha uuzidishe kwa mara ambazo data yote inaizidi folda hiyo kwa ukubwa. Ikiwa jibu ni siku nyingi kuliko ofisi inavyoweza kusubiri, weka diski ya pili ndani ya jengo inayopokea nakala ileile kila jioni, na seva ya mbali ibaki kwa ajili ya moto, wizi na radi.